Kuchoma Nyama na Samaki Ndani ya Nyumba kwa Kikaango cha Chuma Chenye Matuta

Aliyekulia katika nyumba yenye ua amezoea kuchoma nyama akiwa nje, jiko la mkaa likiwa mbele yake na upepeo mkononi. Akihamia fleti ya ghorofa ya nne pale Upanga au Kariakoo, hamu ya mishikaki huhama naye, lakini ua hubaki ulikokuwa. Wengi hujaribu kuliweka jiko la mkaa kwenye kibaraza chembamba cha ghorofani, na siku mvua inaponyesha, au jirani wa juu anapoanika nguo zake, huliingiza jikoni na kufungua dirisha wakiamini kwamba hilo linatosha. Halitoshi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea na kusinzia bila kujua kinachomsibu. Mkaa uliokwisha kukolea moto na kuacha kutoa moshi bado hutoa gesi hiyo, na ndiyo maana jiko linaloonekana limetulia huwa la hatari kama lile linalofuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani utokanao na nishati chafu ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee.

Tanzania nayo ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wake wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, ila wanaohamia gesi na umeme huniambia neno moja: wali unapikika, maharage yanapikika, lakini nyama choma wameikosa. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Unahusu kikaango kizito cha chuma cha kusubu, kilichopakwa enameli na chenye matuta sakafuni mwake, kinachokaa juu ya jiko la gesi au la umeme na kuchoma nyama, kuku, samaki na mboga pasipo mkaa.

Niseme mapema kisichowezekana, ili asije mtu akasononeka baadaye. Harufu ile ya jiko la mkaa hutokana na mafuta ya nyama yanayodondokea makaa, yakageuka moshi na kurudi juu kuipaka nyama. Ndani ya kikaango mafuta hudondokea kwenye mifereji iliyo kati ya matuta na kubaki humo, kwa hiyo harufu hiyo huipati. Unachopata ni ngozi ya kahawia iliyokaangika vizuri, mistari iliyokolea, na nyama iliyohifadhi maji yake ndani. Ili upate hayo, kikaango hiki kinadai mambo mawili tu ambayo nitayarudia mara nyingi: chuma kipashwe polepole mpaka kishibe moto, na chakula kiingie kikiwa kikavu.

Kukijua chombo chenyewe

Chuma cha kusubu ni kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Ni kizito, na kikaango kimoja cha ukubwa wa sentimita 26 kinaweza kukaribia kilo tatu. Hupata moto taratibu kuliko sufuria ya alumini, na moto huo hausambai wenyewe kwa haraka kutoka katikati hadi pembeni, lakini kikishaushika hakiuachi kwa urahisi. Weka kipande cha nyama baridi juu ya kikaango chembamba, chuma hupoa papo hapo na nyama huanza kuchemka katika maji yake; kiweke juu ya chuma cha kusubu kilichoshiba moto, nacho huendelea kuchoma kana kwamba hakijaguswa.

Enameli ni kioo. Ni unga wa kioo unaopakwa juu ya chuma na kuingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 800 za sentigredi (nyuzi zote nitakazozitaja ni za sentigredi), hadi uyeyuke na kushikana nacho. Kwa hiyo kikaango hiki ni kazi ya mafundi wawili. Kiwanda cha Le Creuset kilianza hivyo hasa mwaka 1925 huko Fresnoy-le-Grand, kaskazini mwa Ufaransa, pale Wabelgiji wawili walipoungana: Armand Desaegher aliyejua kusubu chuma, na Octave Aubecq aliyejua kupaka enameli. Ukikumbuka kwamba mkononi una chuma kilichovishwa kioo, masharti yote ya matumizi yatakujia yenyewe. Kioo na chuma hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, hivyo joto likibadilika ghafla kioo hupata nyufa. Kioo pia hakipendi kugongwa. Kila nyumba ya zamani ilikuwa na vikombe na sahani za enameli zenye maua, na kila mtoto amewahi kuona kile kidoa cheusi ukingoni, mahali ambapo kikombe kilianguka, enameli ikabanduka na kutu ikaanza kula bati.

Kwa nini basi mtu asinunue kikaango cha chuma kitupu, kisicho na enameli, ambacho hakiogopi chochote? Jibu langu lipo katika vyakula vyetu. Sisi hatuchomi nyama kwa chumvi na pilipili manga peke yake. Tunairoweka katika ndimu, ukwaju, siki, mtindi, nyanya. Vitu hivi vyenye uchachu hula lile tabaka la mafuta linalokinga chuma kitupu, huigusa madini yenyewe, na chakula hutoka na ladha ya msumari. Pia, kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya bahari haihitaji zaidi ya siku chache kuotesha kutu kwenye chuma kisichopakwa mafuta. Enameli haina habari na ndimu wala na hewa ya chumvi. Vikaango vyepesi vya kutonata navyo vina uzuri wake kwa mayai, lakini utando wake huanza kuharibika na kutoa mvuke wenye madhara joto linapopita takribani nyuzi 260, na kuchoma ni kazi inayosogelea joto hilo.

Unapokwenda kununua, pitisha kidole juu ya matuta. Yawe yamesimama, angalau nusu sentimita kwenda juu, kwa kuwa matuta mafupi huiacha nyama ikaogelea katika mafuta yake na kikaango kikawa cha kawaida tu. Angalia kama enameli imeenea sawasawa bila matundu madogo, kama kitako ni bapa, na kama upande wa pili wa mpini mrefu kuna kishikio kifupi, maana kilo tatu zenye moto hazinyanyuliwi kwa mkono mmoja. Cha pembe nne hubeba chakula kingi kuliko cha duara. Ikiwa jiko lako ni lile dogo la gesi la mezani lenye mafiga mawili, kipimie kwanza dukani kwa kukisia: kisiwe kikubwa kiasi cha kuning'inia na kulielemea jiko.

Kuandaa jikoni

Fungua dirisha na mlango unaoelekeana nalo ili hewa ipite, na kama una feni ya kutolea moshi iwashe kabla ya kuwasha jiko, si baada ya moshi kutanda. Hata ukifuata kila kitu nilichokiandika hapa, moshi kidogo utakuwapo. Weka karibu yako koleo la mkono la kugeuzia, lenye ncha za mbao au silikoni, vitambaa viwili vikavu vya kushikia mipini, sahani safi ya kuweka kilichoiva (isiwe ile iliyobeba nyama mbichi), na mfuniko wa sufuria unaokaribia ukubwa wa kikaango. Vitambaa viwe vikavu kwelikweli, kwa sababu kilicholowa hupitisha joto mara moja na kukuunguza. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika kwa ule mfuniko, usimwagie maji.

Viungo, na kwa nini ni lazima uvifute

Kuroweka nyama kwa viungo ni nusu ya ladha, nami sishauri mtu aache. Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya steki, changanya vijiko viwili vya chai vya kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, maji ya ndimu moja kubwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya kusaga, pilipili manga, na vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti. Kama nyama ni ngumu, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha papai bichi lililokunwa. Papai lina kimeng'enya kinachovunjavunja nyuzi za nyama, na tangawizi nayo inacho chake, kwa hiyo muda usizidi saa moja. Ukiiacha usiku kucha, nyama itakuwa laini nje kama uji na hakuna ngozi itakayoshika juu yake. Kuku anaweza kukaa saa tatu hadi nne, hata usiku mzima ndani ya friji kama hukutia papai. Samaki hutosheka na dakika 15 hadi 20 za ndimu, kwani akizidisha hapo nyama yake hugeuka nyeupe na kuanza kumeguka hata kabla ya kuona moto.

Sasa ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Toa nyama kwenye viungo dakika 20 kabla ya kuchoma, kwangua kitunguu saumu na tangawizi vilivyoganda juu yake, kisha ikaushe kwa karatasi za jikoni au kitambaa safi mpaka ukiibonyeza kidole kinatoka bila unyevu. Usihofu kupoteza ladha; kilichotakiwa kuingia kimekwisha kuingia. Kinachobaki juu ni maji na vipande vya viungo, na vyote viwili ni adui wa kazi hii. Maji lazima yageuke mvuke kwanza, na wakati yanafanya hivyo sehemu ya juu ya nyama haipandi zaidi ya nyuzi 100, ilhali ule ukahawia tunaoutafuta, pamoja na harufu yake, huanza kujitokeza vizuri karibu na nyuzi 140. Vipande vya kitunguu saumu navyo hudondokea mifereji, vikaungua na kuwa vichungu, na ndivyo vitakavyokuweka kwenye sinki nusu saa ukisugua. Asali, sukari, nyanya na tui la nazi zuia kabisa mpaka dakika mbili za mwisho, kisha pakaza kwa brashi.

Chumvi nayo ina wakati wake. Tia ama dakika 40 au zaidi kabla ya kuchoma, ili maji itakayoyavuta yapate muda wa kunywewa tena na nyama, ama papo hapo kabla ya kuiweka kikaangoni. Ukitia dakika kumi kabla utakuta nyama imelowa upya.

Kukipasha kikaango

Weka kikaango kikavu, bila mafuta, juu ya jiko. Washa moto mdogo, uache dakika mbili, kisha upandishe hadi wastani na uache dakika sita hadi nane. Figa la gesi likiwa dogo kuliko kikaango, kizungushe robo mzunguko kila baada ya dakika mbili ili pembe zote nne zipate haki yake. Kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, kikaango hiki hufanya kazi bila shida kwa kuwa chuma hushikwa na sumaku, ila joto lake hupanda haraka mno, hivyo anzia namba za chini na upande kidogo kidogo, nawe ukikihamisha kinyanyue, usikiburute juu ya kioo cha jiko.

Moto mkali haufupishi safari hii. Moto mkali huunguza katikati huku pembeni kukiwa bado baridi, huchosha enameli, na kuyafanya mafuta yafuke kabla nyama haijawekwa. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyezoea mkaa, ambaye amefundishwa kwamba kuchoma ni moto kuwaka, lakini hapa anayechoma ni chuma. Kazi ya moto ni kukilisha chuma hicho taratibu.

Utajuaje kama kimeshiba? Chovya vidole katika maji na urushie matone mawili tu juu ya matuta. Yakitulia na kutoa povu, bado. Yakitoa sauti ya «chwaa» na kukauka mara moja, umekaribia. Yakijikunja kuwa vishanga na kukimbia huku na huko juu ya chuma, kiko tayari, na moto uwe wa wastani, usiuongeze tena. Ukiona moshi unatoka kwenye kikaango kitupu, umepita kiasi: zima, subiri dakika tatu.

Mafuta hupakwa kwenye chakula, si kwenye kikaango. Ukimimina mafuta kikaangoni yatashuka kwenye mifereji yasikosaidia lolote, na huko yatafuka tu. Pakaza nyama pande zote kwa utando mwembamba wa mafuta yanayostahimili joto. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 225, kwa hiyo yanafaa sana. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani huanza mapema, karibu na nyuzi 177, na siagi mapema zaidi, hivyo viweke pembeni kwa ajili ya kupakazia mwishoni, vinapoweza kunukia bila kuungua.

Steki, hatua kwa hatua

Nianze na steki kwa sababu ukiiweza hii, mengine yote ni kubadilisha muda tu. Chukua vipande vya unene wa sentimita mbili, sarara ikipatikana, vilivyokaushwa na kupakwa mafuta. Viweke kikaangoni kimshazari ukivilinganisha na matuta, kimoja kimoja, na uache nafasi ya vidole viwili kati yao. Ukivibananisha, mvuke wa kimoja utamchemsha mwenzake. Utasikia mlio mkali unaoendelea. Mlio huo ukizimika na kuwa mtokoto wa chini chini, ama umeweka vipande vingi mno ama chuma hakikuwa kimeshiba.

Kisha ondoa mkono. Usibonyeze, usisogeze, usichungulie. Katika dakika ya kwanza nyama hushika matuta kwa nguvu, na anayejaribu kuigeuza hapo huichana na kuacha ngozi yake imeganda kwenye chuma. Baada ya dakika tatu hivi ukahawia ukikamilika, nyama hujiachia yenyewe. Ingiza ncha ya koleo pembeni na uinyanyue kidogo: ikija kwa hiari, iko tayari, ikigoma, iache nusu dakika nyingine. Anayetaka miraba aigeuze robo mzunguko hapo kwa upande uleule na kuiacha dakika moja na nusu zaidi. Baada ya hapo igeuze upande wa pili, ukiihamishia kwenye matuta ambayo hayajatumika kama yapo, kwa kuwa hayo yana moto mwingi zaidi, na uiache dakika nne.

Kwa kipande cha unene huo, kipimajoto cha nyama kikionyesha nyuzi 63 katikati bado pana wekundu mwepesi, na kwenye nyuzi 71 pameiva. Najua kwamba nyumba nyingi kwetu hazili nyama yenye wekundu. Kwa ajili hiyo, badala ya kuongeza moto, uteremshe na uiache dakika mbili hadi tatu kila upande. Kisha iweke kwenye sahani dakika tano kabla ya kuikata, vinginevyo maji yote uliyoyahifadhi yataishia kwenye ubao.

Mishikaki

Hapa kuna tatizo ambalo hutaliona kwenye jiko la mkaa. Vijiti vya mishikaki huwa virefu kuliko kikaango, kwa hiyo huegemea kingo zake na kuining'iniza nyama juu ya matuta kwa nafasi ya nusu kidole. Nyama haigusi chuma, inabaki kuiva kwa mvuke, inakuwa ya kijivu, na mpishi anaongeza moto bila kujua kosa liko wapi. Pima kijiti ndani ya kikaango na ukikate kwa mkasi ili kilale chote ndani. Roweka vijiti kwa maji dakika 30. Kata nyama vipande vya sentimita mbili na nusu vyenye pande bapa, vilingane, na unapovichoma kwenye kijiti visogeze vigusane tu bila kubanana. Usiviweke vitunguu na pilipili hoho katika kijiti kimoja na nyama. Hoho husinyaa, nyama husinyaa kwa kasi nyingine, na kimojawapo huachwa hewani. Vichome peke yake, kisha viungane sahanini. Geuza kila baada ya dakika mbili kwa pande zote nne, yaani dakika nane hadi kumi kwa jumla.

Kwa anayelilia harufu ya mkaa, iko njia ya kufukiza inayojulikana sana kwa wapishi wa pwani. Mishikaki ikishaiva, iweke katika sufuria yenye mfuniko, tengeneza kibakuli kidogo cha ganda la kitunguu katikati yake, weka humo kipande kimoja cha kaa la moto, dondoshea nusu kijiko cha samli na ufunike dakika tatu. Washa kaa hilo nje, fukizia nje au kibarazani, na ulizime kabisa kwa maji kabla ya kurudi ndani.

Kuku

Paja la kuku lenye mfupa huwashinda wengi, kwa kuwa ngozi huungua wakati karibu na mfupa bado pana damu. Kuku lazima afike nyuzi 74 katika sehemu yake nene kabisa, na hapa hakuna hiari. Nyama isiyo na mfupa ibonde kidogo ili unene ulingane, na dakika tano hadi sita kila upande zitatosha. Paja lenye mfupa lipasue hadi mfupani sehemu mbili, lianze kwa upande wa ngozi dakika sita, ligeuze dakika nne, kisha teremsha moto uwe mdogo kabisa na ufunike kwa mfuniko, ukiligeuza kila baada ya dakika tano mpaka zitimie 15 hadi 20. Mfuniko utalainisha ngozi, kwa hiyo uondoe mwishoni na upandishe moto dakika mbili ili ngozi ikauke tena. Mwenye oveni amerahisishiwa: akishapata rangi pande zote mbili, akiingize kikaango chenyewe, kama mpini wake ni wa chuma, katika oveni ya nyuzi 190 kwa dakika 20.

Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza na chumvi na tangawizi mpaka alainike, atolewe, akauke kabisa kwa nusu saa, ndipo achomwe dakika tatu kila upande. Kikaango hiki hakiwezi kumlainisha, na kumlazimisha ni kumkausha.

Samaki na mboga

Samaki mzima, mfano changu, hafai sana hapa, kwani tumbo lake ni la mviringo na hugusa matuta mawili au matatu tu. Nunua vipande vya nguru au jodari vilivyokatwa kwa upana, unene wa sentimita mbili. Vikaushe kuliko ulivyoikausha nyama, vipake mafuta, na uviache bila kuvigusa dakika nne kwa upande wa kwanza na tatu kwa wa pili. Vigeuze kwa mwiko bapa, ukiupitisha sambamba na matuta. Ukiupitisha kwa kuyakata, ncha yake itajikwaa na samaki atavunjika. Nyama yake ikimeguka kwa tabaka na kupoteza uangavu, ameiva. Pweza achemshwe kwanza hadi alainike, kisha dakika mbili za matuta kila upande na maji ya ndimu baada ya kutoka.

Bilinganya zikatwe za unene wa kidole na zipakwe mafuta kwa brashi, kwa sababu ukizimiminia zitayanywa yote. Muhogo na mahindi mabichi vichemshwe kwanza. Ndizi mzuzu zilizoiva zina sukari nyingi, kwa hiyo ziwekwe mwisho kabisa, moto ukiwa umeteremshwa.

Kukisafisha na kukitunza

Kikaango changu cha kwanza nilikiharibu kwa sekunde moja. Wageni walikuwa wamekaa mezani, nikataka kukiosha upesi, nikakiweka chini ya bomba kikiwa bado na moto. Ilisikika «tak!» moja, kama kuni ikavu inapopasuka motoni, na nilipokiangalia baada ya mvuke kupungua niliona ufa mwembamba kama unywele umeyakata matuta matatu. Mwezi uliofuata vipande vya enameli vilianza kubanduka mahali hapo, nikaacha kukitumia. Kikaango kilichobanduka upande wa kupikia hakirudi kupikiwa, kwa sababu kinachobanduka ni kioo, nacho kitaingia katika chakula.

Kwa hiyo kiache kipoe chenyewe juu ya jiko wakati mnakula. Kikiwa vuguvugu tu, mimina mafuta yaliyomo mifereji kwenye kopo (yasiingie kwenye sinki, yataganda bombani), futa kwa karatasi, jaza maji ya moto na matone ya sabuni ya vyombo, ukiache dakika 20. Sugua kwa brashi ya nailoni kufuata urefu wa mifereji. Kwa kilichong'ang'ania kati ya matuta, kijiti cha mshikaki kilichobaki, ukikikata ncha iwe bapa, huingia humo vizuri kuliko brashi yoyote ya dukani. Ikiwa bado kuna masalia meusi, tia maji ya kufunika matuta na vijiko viwili vya bikaboneti ya soda, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, acha yapoe, kisha sugua tena. Stilwaya usiutumie, wala kisu, wala mchanga. Vitaukwangua uso wa kioo, na kila mkwaruzo utakuwa mahali papya pa chakula kunata.

Vikaango vingi vya aina hii vina enameli nyeusi isiyong'aa kwa ndani. Kadiri unavyochoma, mafuta huacha juu yake utando mweusi mwembamba usiotoka kwa sabuni. Huo si uchafu. Uache, maana ndio utakaofanya nyama ijiachie kwa urahisi mwezi wa sita kuliko mwezi wa kwanza. Uchafu hunata kidoleni ukiugusa. Utando huu ni mkavu na laini.

Kikaushe kwa kitambaa mara moja, pamoja na ule ukingo wa juu ambao kwa vikaango vingine haukupakwa enameli ya kutosha na huota kutu, hasa nyumba zilizo karibu na bahari. Pitisha tone la mafuta ukingoni kwa kidole. Usirundike sufuria nyingine ndani yake bila kuweka kitambaa katikati, na kikae kabati la chini kabisa, mahali ambapo kikiteleza mkononi hakina pa kuangukia.